Kizibo cha Kipini na Mlango wa Printa

Jumatatu, 8 Juni 1987

Leo nimeifungua kompyuta ya mradi wa ufuta kwa mikono yangu miwili, nikaitengeneza. Nachingwea nzima hakuna mwingine awezaye!

Sawa. Sikuitengeneza. Nilifuta vumbi, mimi mfagizi wa ofisi. Na kifuniko alishakifungua Augustino, fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Mwenyewe alikwenda kunywa chai, akaiacha kadi ya printa mezani. Kitambaa changu kikang'oa kikofia cheusi, kidogo kuliko kupe. Vilikuwa viwili, kimebaki kimoja. Penye viwili, kimoja ni cha akiba. Hilo nililijua tangu darasa la nne, nilipoishia.

Nikakitia mfukoni. Mke wangu Sabaha kipini chake cha puani kimepoteza kizibo tangu Idd, anazibia kijiti cha mtama. Kikofia kimeingia sawasawa, kama kimezaliwa kwa ajili ya pua ile! Nikamwambia nimemwagizia kwa sonara wa Lindi. Ameshawapitia majirani sita kuwaonyesha.

Siku njema. Jumapili ni uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi. Muhuri wa balozi ninao miaka kumi na mmoja. Mpinzani ni mtani wangu Shaibu, fundi baiskeli, anayeahidi kujaza upepo bure. Upepo! Mimi nimeahidi kuwa kompyuta itaandika orodha ya nyumba zetu zote kumi, kila nyumba na karatasi yake ya kubandika mlangoni. Augustino amekubali. Itakuwa jaribio lake.

Jumanne, 9 Juni

Kadi imeshaingia ndani ya mashine. Waya umechomekwa. Printa imenuna.

Nilimbana Augustino anieleze. Akasema ndani ya kompyuta kuna kiini cha mfumo, na hicho ndicho kinachojua nani yumo na nani hayumo. Kisipoambiwa kwamba kuna printa, hata uchomeke waya mnene kama mkia wa ng'ombe, kwake hakuna kitu. Na huo mlango wa printa una nyaya nane zinazopeleka herufi bega kwa bega, siyo moja moja kama watoto wa shule. Kwa hiyo kiini lazima kisukwe upya, swali kwa swali. Kuna mlango wa printa? Ndiyo. Namba ngapi? 378. Kengele yake? Ya saba. Kisha mashine inasaga saa nzima na jenereta linakunywa dizeli.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, mwanangu, hiyo kazi yangu! Mgeni akilala kwenye nyumba zangu bila kuandikwa kwenye daftari langu, hayupo. Hata akikoroma, hayupo. Hicho kiini chako ni balozi mwenzangu.

Alinitazama. Akasema huko chuoni walimfundisha wiki mbili jambo hilo hilo, na hakulielewa vizuri hivi.

Jumatano, 10 Juni

Amesuka mara ya pili. Amesuka mara ya tatu. Mashine ikiamka inasoma majina ya waliomo: kioo, kibodi, diski. Printa haitajwi. Jina limeandikwa daftarini, mgeni hajafika.

Augustino ameacha nusu ya ugali. Jumatatu lazima aondoke, na akishindwa anaondoka na mashine yake. Hapo majina elfu mbili ya wakulima wa Mbekenyera na Nandagala atayapiga Laurencia, mpiga chapa wetu. Laurencia ni mtu wa Bukoba, anakaa nyumba namba saba kwangu. Ametunyooshea vidole vyake, akasema viko kumi tu na havizai.

Shaibu kapita dirishani. Akauliza kama printa bado imefunga, maana Idd imepita. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba heri anayefunga kuliko anayevuja upepo. Hawakucheka sana.

Jumapili bila karatasi nimekwisha.

Alhamisi, 11 Juni

Loo!

Augustino kaichomoa kadi, kafungua kitabu chake. Kwenye picha vikofia viwili. Kwenye kadi kimoja. Anasema vikofia hivyo ndivyo vinavyoipa kadi namba ya nyumba. Ametambaa chini ya meza kukitafuta. Nami nikatambaa. Nilitafuta kuliko yeye. Nilitafuta mpaka kwenye viatu vya Laurencia, akanipiga na rula, akasema babu, umri wako!

Nikisema ukweli, Shaibu atatembea na wimbo mmoja tu: balozi mwizi. Kwa hiyo kinga ni moja. Kikofia kitoke puani kwa Sabaha, kirudi kwenye kadi, na mtu asijue.

Jioni nikamwambia Sabaha nimesikia vizibo vya Lindi vinavuta radi. Akachungulia nje, akatazama mbingu ya kiangazi, akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 12 Juni

Pilipili. Nilisaga fungu zima, nikakaa upande upepo unakotoka, nikapepea kuelekea kwake. Apige chafya moja tu!

Upepo uligeuka. Nimepiga chafya ishirini na mbili. Nimepiga chafya hadi msikitini, na imamu kanigeukia mara mbili. Sabaha kaniletea maji ya moto, puani kikofia kinang'aa.

Mchana nikapita ofisini, macho mekundu. Augustino alidhani namlilia printa. Akaniwekea mkono begani. Kwa kuona haya nikamtania: mgeni asipokuwa kwenye nyumba uliyoandika, gonga kwa jirani, huenda kalala huko. Akacheka. Akarudi kwenye kibodi hata hakuniaga. Vijana wa Dar adabu kidogo.

Jumamosi, 13 Juni

Sikwenda kazini. Nimeshindwa hila zote, nikamwomba Sabaha tu. Nikamwambia, Mama Sikuzani, nipe hicho kizibo, usiniulize.

Hakuniuliza. Akakichomoa, akakiweka kiganjani mwangu, akarudisha kijiti cha mtama. Akasema, Baba Sikuzani, nimekaa na uongo wako miaka arobaini, nitakosaje kukaa bila kizibo siku mbili?

Nikaumia kidogo. Kidogo tu. Kesho alfajiri nina kazi.

Jumapili, 14 Juni

Nieleze kwa mpango.

Alfajiri nikafungua ofisi kwa funguo zangu za usafi. Kwenye mtoto wa meza ya Laurencia nikachukua kibano chake cha nyusi. Nikafungua mashine. Nikabana kikofia, nikakirudisha mahali pake. Tiki! Hakuna daktari ambaye angenizidi.

Saa nne watu wamejaa uani mwa ofisi, nyumba zote kumi, na katibu wa tawi na daftari lake. Nikasimama. Nikasema leo mtaona balozi ni nani. Augustino na Laurencia wananitazama wakitabasamu kama wana siri. Jenereta likanguruma. Kibodi ikagongwa.

Kimya.

Augustino akagonga tena. Akashika kichwa, akalalamika kwa sauti: lakini jana iliandika! Nikauliza, jana ipi?

Laurencia ndiye aliyesema. Kumbe juzi yale matani yangu yalimwingia kijana. Akaamrisha mashine igonge milango ya jirani, kadi ikaitika namba 278. Bila kikofia ilikuwa imehamia huko! Akasuka kiini upya kwa namba hiyo, na jana printa ikaandika vizuri kabisa. Wakanificha ili leo nifurahi. Akanionyesha karatasi ya jana. Juu kabisa: BALOZI BWANALI.

Mimi, kwa mikono yangu, nimemhamisha mgeni kutoka nyumba aliyoandikwa.

Shaibu ameanza kuimba. Ndipo Sabaha akasimama katikati ya uani, kijiti cha mtama puani, akaniuliza mbele ya halaiki: Baba Sikuzani, kizibo changu umekiweka wapi?

Nikanyoosha kidole kwenye mashine.

Watu walicheka mpaka katibu akadondosha kalamu. Augustino alicheka akilia. Akafungua, akakichomoa kikofia kwa kibano kile kile, akawasha upya. Mashine ikasoma: kioo, kibodi, diski, printa! Na printa ikapiga kelele kama panzi wa shamba zima, karatasi zenye matundu pembeni zikashuka, nyumba ya kwanza hadi ya kumi. Vigelegele! Augustino akamkabidhi Sabaha kikofia, akasema mashine haikihitaji tena. Sabaha akakisuuza, akakivaa pale pale.

Kisha kura. Kila nyumba mtu mmoja, apange mstari nyuma ya amtakaye. Kwa Shaibu watu wawili, mwenyewe akiwemo. Nyuma yangu akaja Sabaha, peke yake, mke mwema. Halafu wakaja wengine saba, nyuma ya Sabaha. Wanane! Nikainua mikono. Nimeshinda!

Katibu akauliza wale saba wamesimama nyuma ya nani. Wote wakajibu: Mama Sikuzani.

Nikapinga. Nikasema anayesimama nyuma ya aliye nyuma yangu yuko nyuma yangu, hiyo ni hesabu. Shaibu, mtani gani yule, akahama na mtu wake, akajiunga mwisho wa mstari. Sasa nyuma yangu wakawa kumi.

Sabaha ni balozi.

Jumatatu, 15 Juni

Augustino kaondoka. Nimemfuta kwenye daftari la wageni, nimemfuta kwa machozi. Muhuri umefungwa kwenye pindo la kanga ya balozi mpya. Ameniteua mwandishi wake, kwa majaribio. Asubuhi kaniuliza nimelala kwake kama nani.

Lakini sikiliza. Alhamisi kompyuta ya pili ya mradi inapelekwa Ruangwa, na mimi ndiye wa kuisindikiza kwenye lori. Leo nimechungulia ndani yake. Ina vikofia vinne! Vinne! Hata Augustino alisema kimoja hakihitajiki. Na balozi ana kipini kimoja, lakini masikio ana mawili.

Laurencia, najua unalisoma daftari hili nikiliacha ofisini, leo umesahau kalamu yako kwenye ukurasa wa Ijumaa. Wifi yako alilala kwako siku nne bila kuandikwa, nami nikafumba jicho. Sasa niazime kile kibano. Dakika mbili tu.