Kabro Imefika Mlangoni Pangu

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kabro, yale matofali ya kutandika barabara, imefika mlangoni pangu. Nimeinama nikaigusa. Laini! Imenyooka kama meza. Miaka kumi na sita niko Kitengela, sijawahi kuona mtu akivuka katikati ya mji Aprili bila kupoteza kiatu.

Tatizo ni langu peke yangu. Kazi yangu inategemea tope. Asubuhi watu wanatoka mitaani na gambuti, wananiachia kibandani, wanavaa viatu vya ofisi na kupanda gari la Nairobi. Jioni wanabadilisha tena. Jozi sitini na nne kwenye misumari, kila moja na namba yake ya chaki.

Leo tumeitwa mkutano. Bedan, msimamizi wa ujenzi, ametangaza kwamba mitaro ikikamilika hakuna mtu atakayehitaji gambuti mjini. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, kisha nikaelewa.

Wacuka, anayeuza viatu vya mitumba ng'ambo ya barabara, ameniuliza misumari yangu nitaitundikia nini sasa, mandazi? Yeye ameshaleta visigino virefu, jozi arobaini. Nimemwambia tutaona.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango! Tope likikosekana, liletwe.

Nimemtafuta Mwololo, mwenye mkokoteni wa punda. Nikamwambia anichotee udongo mweusi kwenye msingi unaochimbwa mtaa wa Milimani, aumwage mbele ya steji ya magari, penye kibanda changu. Akauliza ni wa nini. Nikasema wa maua. Akasema maua ya kupandwa juu ya mawe hajawahi kuyaona, lakini akamwaga.

Saa nane mvua ikashuka. Nikavuta kiti nitazame mji ukizama. Haukuzama! Maji yalizoa udongo wangu wote, yakapanga mstari, yakaingia mtaroni na kwenda zake. Dakika kumi na moja, kwa saa yangu. Maji ya Kitengela hukaa mpaka yachoke yenyewe. Haya yalijua njia! Nilisimama mdomo wazi, mvua ikiniingia.

Bedan akanikuta hapo. Alidhani nimemwaga udongo ili kuupima mtaro wake. Akanishika mkono mbele ya mafundi wote na kusema raia wa namna hii ndio wanaotakikana. Nikasahau kumkasirikia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefikiri siku nzima jana. Adui si kabro. Adui ni mtaro. Leo kabla wateja hawajafika nimeshindilia magunia matatu mdomoni mwake.

Mvua imekuja saa sita. Mtaro umeziba vizuri sana. Nilichosahau ni hiki: mwaka juzi nilichimba sakafu ya kibanda ili niongeze safu mbili za misumari. Hakuna mahali pa chini zaidi hapa steji. Maji yote ya mji yakaja kwangu! Gambuti za safu za chini zikaelea. Nikaangusha za juu nikijaribu kuziokoa. Zikatoka mlangoni moja moja bila haraka, kama waumini ibada ikiisha. Nilizifukuza hadi kwa muuza matikiti. Nimezipata zote. Chaki haijabaki hata kwenye moja.

Jioni, watu sitini na wanne, gambuti nyeusi zote zikifanana. Mwalimu Nelima ameenda nyumbani na mbili za kushoto. Ameniambia, Nzuki, Mungu anakuona, na mimi pia nakuona. Nyuma yake mtu akauliza kama leo gambuti zinagawiwa kwa kura.

Aliyeyatoa magunia mtaroni ni Bedan. Alinipa pole! Anasema kuna watu hawathamini maendeleo. Nikasema wapo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nusu ya wateja hawakuja. Muthoki, mke wangu, amesema miaka kumi na sita nimeishi kwa tope na hata kulitetea siwezi. Amesema kibanda ndicho kinachotulisha, nisikichezee tena.

Jioni taa mpya za barabarani zimewashwa kwa mara ya kwanza. Mji mzima ukasema aah! Nimeona rangi halisi ya duka la dawa. Ni kijani! Punda wa Mwololo alisimama katikati ya njia akitazama kivuli chake, akakataa kuendelea. Wanaume watu wazima walitembea kwenda na kurudi bila kazi yoyote, ili tu watembee. Nami nilikuwa miongoni mwao.

Nimekubali. Mji umeshinda. Mwenye akili hujiunga na mshindi.

Nikaenda kwa Wacuka. Tumebadilishana: yeye achukue kibanda na misumari, mimi nafasi yake na visigino vyote arobaini. Nilitegemea abishane. Alikubali kabla sijamaliza. Alisema tu, Nzuki, mimi nimetembea mpaka kabro inapoishia, wewe umetembea? Nikamjibu kwamba mimi naangalia mbali kuliko hapo. Tumeandikiana na kuweka sahihi. Muthoki nitamwambia kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Ufunguzi. Mgeni rasmi alikuja na viatu vinavyong'aa, akatembea mbele, sisi nyuma. Benchi! Miti midogo, kila mmoja na uzio wake! Choo chenye maji yanayotoka! Nilihesabu hatua. Mia mbili na arobaini. Kisha, kwenye kituo cha mafuta, kabro ikaisha kama mtu aliyekatizwa maneno. Mbele ni udongo mweusi uleule mpaka Milimani. Mgeni rasmi akalitazama tope, akageuka, akasema awamu ya pili inafikiriwa.

Watu wa mitaani walisimama hapo ukingoni na gambuti zao. Hakuna aliyethubutu kukanyaga kabro nazo. Ilikuwa kama nyumba ya mtu aliyemaliza kupiga deki. Zamani kuna waliopita mjini na tope lao bila aibu. Leo kila mtu amevua, kwa heshima ya kabro.

Na hapo ukingoni alikuwa nani? Wacuka! Amehamisha kibanda chote, mpaka misumari. Namba ameandika kwa rangi ya mafuta. Foleni yake imezunguka kituo cha mafuta. Mwalimu Nelima amenipungia mkono akiwa ndani ya foleni. Muthoki alikuwa kando yangu. Ndivyo alivyojua.

Nimeuza jozi moja. Mama wa watu alitembea hatua kumi na mbili, kisigino kikanasa katikati ya kabro mbili. Tulikivuta watu wanne.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechunguza kosa. Mpango ulikuwa sawa. Mahali ndipo palikuwa pabaya.

Nimeenda Isinya, mji wa jirani. Wamesimamisha bango la mji utakavyokuwa. Nimesimama mbele yake saa nzima. Chemchemi ya maji inayoruka juu kuliko nyumba! Minazi! Wanawake wanne wanatembea wakicheka, wote na visigino virefu, na hakuna hata mmoja anayetazama chini. Machozi yalinilengalenga.

Nyuma ya bango ni shamba la mahindi machanga na mbuzi watatu. Bedan alikuwa hapo akipima. Nikamuuliza kazi inaanza lini. Akasema kwa sasa kilichofika ni bango.

Kumbe nimewahi! Nimekodi kipande karibu kabisa na pale chemchemi itakapokuwa, na Mwololo anavileta visigino kesho. Mwenye shamba ameniomba nisikae juu ya mahindi yake. Nimemwonyesha kwenye bango. Kwenye bango hapo hakuna mahindi, nimekaa kwenye benchi.