Mkuu wa Chuo Ashindana na Kicheche

Tangazo lilitoka Jumatatu asubuhi, baridi ikiwa ile ya kugandisha kikohozi hewani, magari ya wafanyakazi yote yamechomekwa umeme kwenye nguzo ili injini zisife ganzi. Lilisomwa kwenye vipaza sauti, likatumwa kwa barua pepe, likabandikwa hata chooni, asije akatokea mtu wa kusema hakuliona.

“Kwa furaha na unyenyekevu mkubwa,” lilisema, “Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mto Harrow, Daktari Harlan Wicksell, ameunda Tume ya Kusawazisha Maarifa. Imebainika kwamba maarifa ya chuo hiki ni ya aina nyingi kupita kiasi.”

Verna Hegland alilisoma akiwa bado na buti za theluji miguuni. Yeye ndiye mtunzaji wa Hazina Huria, ile tovuti ya chuo ambamo walimu na wanafunzi huweka utafiti wao, na mtu yeyote duniani akausoma bure, bila kubisha hodi wala kuulizwa katoka wapi. Kitendawili: nyumba yangu haina mlango, wageni mchana kutwa wanachota, na chungu hakipungui. Ukishindwa nipe mji. Basi, ndiyo hiyo nyumba ya Verna.

Na vilivyokuwamo humo! Kulikuwa na tasnifu inayouliza kama ng'ombe humtambua anayemkamua, na kama humtambua bado akibadili kofia. Kulikuwa na kamusi ya Kimichif, lugha iliyobakiwa na wasemaji wachache, neno kwa neno kutoka vinywani mwa wazee. Nyimbo za harusi za Wajerumani waliohamia Dakota kutoka Urusi. Milio ya barafu ya ziwani inapopasuka, saa nzima, kwa wapendao. Utafiti wa miaka mitatu juu ya kwa nini chapati za viazi za bibi hazichaniki na za mjukuu zinachanika. (Jibu ni subira, lakini limechorewa grafu.)

Kilichokuwa kikiongoza kwa kupakuliwa, mwaka nenda mwaka rudi, ni kijitabu cha mwalimu mstaafu wa wanyamapori: *Namna ya Kumtoa Kicheche Chini ya Ngazi Bila Kujuta.* Kilichokuwa mwisho kabisa ni hotuba ya Mkuu mwenyewe, maandishi pamoja na sauti: *Kuelekea Dira ya Ubora: Dira ya Kuelekea.* Ilikuwa imepakuliwa na Mkuu, na mkewe, na bwana mmoja wa Ureno aliyebonyeza kwa bahati mbaya, akaandika barua ya kuomba radhi.

Kabla Verna hajavua buti, Makamu wa Ubora akaingia. Jina lake Prentice Uhlhorn, kijana mwembamba aliyezungumza kama anayesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

“Bi Verna, Tume imekaa. Imebaini changamoto.”

“Changamoto gani, Bwana Uhlhorn?”

“Kicheche.”

Delphine Azure, msaidizi wa Verna, mwanamke wa makamo asiyeujua woga, akapandisha miguu yote juu ya kiti. “Yuko wapi?”

“Yuko kileleni mwa orodha,” alisema Prentice kwa huzuni. “Dunia ikifungua Hazina yetu, inakutana na kicheche kabla ya kukutana na Mkuu. Hiyo inaathiri taswira.”

“Lakini kicheche anawasaidia watu,” alisema Verna.

“Hakuna anayepinga mchango wa kicheche. Tunazungumzia nafasi yake.” Akafungua jalada. “Wadhamini wanakutana majira ya kuchipua. Ikiwa hadi siku hiyo hotuba ya Mkuu haitaongoza, Hazina itafungwa. Atakayetaka kusoma chochote ataleta maombi kwa Tume, aeleze kwa nini anataka kujua, na anakusudia kufanya nini akishajua.”

“Na hiyo bado itaitwa Hazina Huria?”

“Jina halitabadilika. Tumeshachapisha vikombe.”

Akaondoka. Verna akakaa chini taratibu. Aliwafikiria wale wanaomwandikia: mkulima wa Saskatchewan aliyeokoa dengu zake kwa kusoma juu ya ukungu, binti wa Ohio aliyeikuta sauti ya babu yake marehemu kati ya zile nyimbo za harusi, akalia, akaandika kushukuru. Hawa ndio waje mbele ya Tume kueleza kwa nini wanataka kujua?

“Sasa tunafanyaje?” aliuliza.

“Tunatii,” alisema Delphine. “Amri aliyotuachia inasema hotuba iwekewe muhtasari mpya na maneno yote ya kutafutia yatakayoifikisha kwa watu. Nipe niisikilize. Nimezaa watoto sita, nitashindwa na Wicksell?”

Alishindwa. Verna alimkuta kabla ya chakula cha mchana, paji la uso juu ya kompyuta, skrini nzima imejaa herufi moja. Delphine akajaribu tena amesimama. Akalala amesimama, kama farasi. Mwisho akasema ataichukua nyumbani, huko kuna kelele, kuna mjukuu wake Remy mwenye chango, mtoto ambaye tangu azaliwe ukoo mzima haujafumba macho.

Kesho yake aliingia ofisini uso umenawiri, nywele amezisuka.

“Dada Verna, nikwambie jambo usinicheke.”

“Sikucheki.”

“Remy kalala.”

“Mungu asifiwe!”

“Ngoja basi. Kalala Mkuu alipofika kwenye ‘uwezeshaji shirikishi wa wadau.’ Hakuvuka hapo. Mama yake naye chali. Mbwa chali. Mimi nilikuwa namenya viazi, nimeamka kumekucha, kisu mkononi!”

Verna aliuma mdomo. Kisha akashindwa, akacheka mpaka akashika meza.

“Wewe ulisema hunicheki!”

“Basi, basi. Lakini Delphine, hatuwezi kuandika hivyo.”

“Kwa nini? Kazi yetu si kusema kweli kilichomo? Dawa ya minyoo ukiiandika sharubati, umewasaidia akina nani?”

Verna alifikiri. Aliisoma amri mara nyingine. Ilisema *maneno yote yatakayoifikisha kwa watu*, na chini yake kulikuwa na sahihi ya Mkuu, kubwa kama ndoano ya kuvulia samaki. Akavuta kibodi, akaandika: *Uongozi. Dira. Elimu ya juu. Kukosa usingizi, tiba ya.*

Wiki hiyo hotuba iliipita tasnifu ya ng'ombe. Wiki iliyofuata ikazipita nyimbo za harusi. Theluji ilipoanza kuwa tope, ilikuwa inakimbizana na kicheche bega kwa bega, wafanyakazi wa maktaba wakiwekeana dau la keki. Watu waliipakua Winnipeg, wakaipakua Guadalajara, wakaipakua visiwa ambavyo Mkuu hakujua kama vina umeme. Bwana wa Ureno alirudi, safari hii kwa makusudi.

Mkuu alikuwa akielea kwa furaha. Aliwasimamisha watu ukumbini kuwauliza kama wameona. Aliunda Kamati Ndogo ya Kuelewa Mafanikio, ikakaa vikao vitatu, ikagundua kwamba sababu ya mafanikio ni Mkuu.

“Dunia ilikuwa na kiu, Verna,” alimwambia walipokutana kwenye lifti. “Watu wamechoka.”

“Wamechoka kweli, Mkuu,” alisema Verna.

Siku ya Wadhamini ukumbi ulijaa. Kulikuwa na nyama ya kusaga iliyookwa na viazi, kulikuwa na kahawa nyepesi ya kuonea sakafu ya kikombe. Mwenyekiti wa Wadhamini, Bi Orpha Kessel, mkulima wa viazisukari, mikono mipana kama sinia, aligonga meza. Verna na Delphine walikaa nyuma wameshikana mikono. Hotuba ilikuwa inaongoza. Hazina ilikuwa imepona.

Ingekuwa imepona, kama Mkuu angeketi. Lakini mwenye sifa huomba ya juu yake.

“Kabla hatujaendelea,” alisema, “Makamu Uhlhorn atatusomea salamu chache za wasomaji.”

Prentice alisimama na bunda la karatasi. Hakuwa amezisoma, maana Tume haikutengewa fungu la kusoma. Akaanza kwa sauti yake ile ile.

“‘Mpendwa Daktari Wicksell. Mapacha wangu hawakuwahi kulala kwa wakati mmoja tangu waje duniani. Jana nimewawekea hotuba yako. Mungu akupe maisha marefu, na usibadilishe chochote.’”

Mtu alikohoa.

“‘Ndugu Wicksell. Mimi ni dereva wa lori. Nilikusikiliza nikiwa barabarani. Niko salama, lakini lori liko kwenye mahindi ya watu. Tafadhali weka onyo.’”

“Inatosha, Prentice,” alisema Mkuu.

“‘Daktari, hospitali yetu imeacha kununua vidonge…’”

“Nimesema inatosha!”

Bi Orpha alikuwa akitikisa kichwa kwa upole. “Usione haya, Harlan. Hata mimi. Tangu mume wangu aanze kukoroma, wewe ndiye unayenilaza.”

Ukumbi ulipasuka. Delphine aliteleza kitini akaishia chini ya meza. Wadhamini wawili walifutana machozi kwa leso moja.

Mkuu hakucheka. Alisimama amekuwa mwekundu kama bitiruti, akatamka maazimio mawili mfululizo: hotuba iondolewe leo hii, na Hazina yote ifungwe, kwa kuwa imethibitika kuwa inasomwa na watu wasiofaa. Sheria ya chuo ilimpa mamlaka hayo hadi kikao kijacho, na kikao kijacho kilikuwa vuli. Jioni ile Prentice alibonyeza kitufe kimoja tu, na nyumba isiyo na mlango ikawekewa mlango. Mlango mmoja kwa vyote: ng'ombe, barafu, harusi, chapati, kicheche.

Verna alirudi ofisini akakuta kimya. Hakuna aliyekuwa anaingia Hazinani. Aliona kama ameketi dukani siku ya msiba.

Lakini kwenye hazina za namna hii kuna desturi. Kazi ikiondolewa, haiachi shimo. Panawekwa ukurasa mdogo, wao huuita jiwe la kaburi, na huo haufungiki: unaeleza nani kaiondoa, kwa nini, na mwenye malalamiko ampate wapi. Verna alimpelekea Prentice ajaze, na Tume ikakaa kutafuta sababu. Kuandika kwamba hotuba ilikuwa na makosa, Mkuu alikataa, yeye hana makosa. Kuandika kwamba imepitwa na wakati, alikataa, dira haipitwi. Zikabaki sababu zisizomlaumu mtu, na mwisho, kwa kuchoka, Tume ikapitisha: *Imeondolewa kwa sababu imefanya kazi.* Kwenye nafasi ya malalamiko Mkuu akaandika namba yake ya mkononi. Mambo ya Ubora hakumwachia mtu.

Simu ya kwanza ililia kesho yake, mara tu baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watoto wa bara zima hulazwa.

“Wewe ndiye Wicksell?”

“Ndiye mimi. Nani mwenzangu?”

“Mimi mama yake Clementine. Ongea!”

“Niongee nini, bibi?”

“Chochote! Ongea kama unavyoongeaga!” Nyuma yake mtoto alikuwa analia kama king'ora cha zimamoto.

Mkuu akajaribu. “Katika muktadha wa… uwezeshaji shirikishi wa wadau…”

Kilio kikakatika. “Ooh, asante, baba,” ilinong'ona sauti, na simu ikawekwa. Ikalia nyingine. Alikuwa Mfaransa wa Quebec. Hakuelewa neno hata moja, naye alilala vilevile.

Wiki ikaisha Mkuu hana sauti. Akaamua atoe hotuba yenyewe Hazinani aicheze kwenye simu, maana nakala aliyokuwa nayo nyumbani mkewe alikuwa ameificha, naye hakuwa tayari kusema wapi, anaihitaji. Akaiandikia Tume. Tume ikamjibu aeleze kwa nini anataka kujua, na anakusudia kufanya nini akishajua. Akaeleza. Ikamjibu kwamba maombi yake hayawezi kujadiliwa kwa kuwa mwenyekiti wa Tume hapatikani, kila akipigiwa simu yake inatumika.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa yeye.

Siku ya Alhamisi mlango wa Verna ulifunguka, akaingia Mkuu mwenyewe, tope mpaka magotini, macho kama nyanya.

“Verna,” alisema kwa sauti ya bata, “irudishe.”

Verna alimwonea huruma. Alimvutia kiti, akamkatia kipande cha keki. “Kula kwanza, Mkuu. Ningeirudisha sasa hivi, ila Makamu ameweka kufuli moja kwa vitu vyote. Kumfungulia mmoja ni kuwafungulia wote.”

“Wote?”

“Wote.”

“Hata yule…”

“Hata kicheche,” alisema Delphine kutoka pembeni. “Na ninavyomjua, atarudi palepale pa juu.”

Simu ikalia mfukoni mwa Mkuu. Aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka. Hakula keki.

“Fungua,” alisema.

“Kwa maombi maalumu, Mkuu, au…”

“Wazi! Kwa wote! Bila maombi, bila Tume, fungua, Verna, nakusihi, wanaamka!”

Verna akabonyeza. Saskatchewan ikaingia, Ohio ikaingia, Ureno ikaingia, simu ikanyamaza, na Mkuu wa Chuo akalaza kichwa mezani kando ya keki, akasinzia hata bila hotuba.

Ijumaa likatoka tangazo kubwa, vipaza sauti vyote, mpaka chooni. Lilisema Daktari Harlan Wicksell, kwa maono yake mwenyewe, ameifungua Hazina Huria kwa ulimwengu mzima milele, baada ya kuwashirikisha wadau kikamilifu. Na kwamba wengi wa wadau hao, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa chuo, walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja.