Mihuri Miwili ya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili, na ninaliandika kwa herufi ndogo: barua ya Chuo cha Mbali ilipofika, kilichonifurahisha kwanza si sifa ya chuo. Ni umbali wake. Siku mbili kwa treni. Siku mbili kutoka kwenye vidonge, beseni na kitanda cha Babu. Aibu!

Leo imefika ya Chuo cha Karibu, nusu saa kwa miguu. Vyote vinafundisha sheria, vyote watu wanavililia, vyote vimenikubali. Kila kimoja kinataka cheti changu halisi cha kuzaliwa na fomu yenye saini ya mlezi, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni; kwa Chuo cha Mbali inatosha bahasha iwe imepokelewa posta. Cheti ninacho kimoja. Mlezi ni Babu, karani wa mahakama mstaafu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Kiharusi kimemwachia mkono wa kushoto na maneno mawili, "haya" na "bado". Pia ana muhuri wa IMEPOKELEWA aliotoka nao kazini. Anaugonga kwenye kila karatasi. Kitabu changu cha historia kimepokelewa mara tisa.

Mpango: barua zote mbili mezani. Atakayoigonga kwanza, ndicho chuo changu. Sitakuwa nimemwacha mtu. Nitakuwa nimetii.

Maziwa yakafurika jikoni. Niliporudi, zote zimegongwa. Na bili ya maji.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa pili: Shangazi. Tunaishi naye, ana duka la misumari na vitasa, na hupinga kila ninachosema. Nikisema mvua inakuja, anaanika nguo. Kwa hiyo wakati wa chakula nilikisifia Chuo cha Karibu bila kupumua. Maktaba ya ghorofa nne! Nikangoja anigombeze, aniambie niende mbali nikaone dunia.

Akaweka kijiko chini. Akasema kumbe Wakili wake, ndivyo anavyoniita, amekua. Akasema hapati usingizi akiwaza nani atakaa na mzee yeye akiwa dukani. Akalia. Akaniongezea nyama. Nikaihamishia sahani ya Babu.

Jumatano, 5 Machi

Utafiti! Asubuhi jirani yetu Fundi Cherehani humchungulia Babu. Kuanzia saa kumi jioni ni zamu yangu. Je, zamu ikikosa mtu, itakuwaje? Nimetoroka vipindi viwili vya mwisho, mimi ambaye sijawahi kuchelewa hata mstarini. Nikaingia stoo ya jikoni kupitia dirisha la nyuma, na kitabu na pakiti ya biskuti. Ufa wa mlango unaonyesha sebule yote.

Babu alijimiminia chai, hakumwaga hata tone. Akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Vifungo ninavyomfungia kila asubuhi! Nilijiona kama mtu aliyefutwa kazi.

Saa kumi kasoro robo akavuta kiti hadi mlango wa mbele. Akapanga ndala zangu kando yake. Akakaa.

Saa kumi. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Ningetokaje? Ningetokea jikoni! Fundi akapita, akamwambia ingia ndani mzee wangu, jua limekugeukia. Babu akasema bado.

Nikaamua kurudi dirishani nizunguke. Kuingia nilipita. Kutoka nilikuwa na biskuti tumboni. Nikakwama kiunoni. Fundi akanikuta, akawatangazia majirani wote: jamani, mwizi gani huyu anaiba kitabu cha Katiba? Alinivuta mikono mpaka karibu saa kumi na mbili.

Suruali ya Babu ilikuwa imelowa. Hakutaka kuuacha mlango hata kwenda msalani. Nilimwogesha. Alitazama ukuta. Na mimi nikautazama.

Alhamisi, 6 Machi

Nabaki. Nimejaza fomu ya Chuo cha Karibu, nikamwekea Babu asaini. Akaweka kalamu chini. Bado, akasema. Akachukua fomu zote mbili, akazifungia kwenye sanduku lake la mafaili. Shangazi anasema nimwache, mzee amechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimezikuta mezani. Fomu ya Karibu ina muhuri ambao sijauona tangu utotoni, ule wa mafaili ya kesi zilizokwisha: IMEFUNGWA. Mara tatu. Fomu ya Mbali ina saini ya mkono wa kushoto, inayotambaa kutoka kwenye mstari hadi ukingo wa karatasi. Wino umemchafua hadi kiwikoni.

Nikaenda posta. Nikapanga foleni. Mhudumu akanyoosha mkono, nikamwambia nimesahau kitu.

Nilifuta mihuri ya fomu ya Karibu kwa pamba na spiriti, karatasi ikatoboka. Shangazi akasaini kama mlezi, dukani juu ya boksi la misumari, akishukuru. Karani wa Chuo cha Karibu akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza fomu imeliwa na mnyama gani. Nikasema ni Babu. Akaipokea na cheti changu, zikiwa zimebaki dakika kumi.

Babu alikuwa mlangoni. Nikamwambia nimeituma ile ya mbali. Akaniwekea mkono kichwani. Haya, akasema. Kisha akainama, akaokota ndala zangu, akaenda kuzitia kwenye sanduku langu la nguo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi leo Babu hakuvuta kiti mlangoni. Anajizoeza.

Lakini nina mpango, na safari hii hauna kasoro. Muhula ukianza nitaaga, nitapunga mkono, nitakata kona. Kisha nitarudi kwa nyuma na kuhamia stoo. Godoro dogo linaenea. Asubuhi chuoni, jioni kwenye ufa, nimtazame. Kila mwezi nitamwandikia barua kutoka mbali na kuisukuma chini ya mlango. Ataigonga muhuri. Shangazi nitamwambia baadaye.

Babu aliposinzia kitini, nilibeba sanduku langu hadi nyuma, nikalisukuma dirishani kupima. Limekwama. Fundi amekwenda kuleta nyundo.