Sabuni na Maturubai ya Machimboni

Sabuni aliingia ukumbini kufuata chai. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya Mungu, maana nia mbaya ilimjia baadaye, akiwa ameshaketi na kikombe mkononi.

Siku hiyo alikuwa amevaa kizibao cha mifuko mingi alichokipata kwenye rundo la mitumba. Alikipendea mifuko tu, kwa ajili ya vitafunio vya watu wengine. Mlinzi wa mlangoni, ambaye siku zote humfukuza kama kuku aliyeingia jikoni, safari hii alisimama wima akabana visigino.

"Karibu, mkuu. Leo wewe ndiye wa kwanza. Pita mbele kabisa."

Sabuni akageuka nyuma kumtazama huyo mkuu. Hapakuwa na mtu. Akapita mbele kabisa.

Jina la Sabuni alipewa na mtaa, kwa sababu kila aliyewahi kumkamata alibaki na povu. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa ndugu wawili, na walipogombana akaja kuwapatanisha mwenyewe, akala na chakula cha upatanisho. Lakini ujanja wote huo haukuwahi kumpa mlango. Alilala barazani kwa dada yake, nyuma ya pazia, na kila asubuhi shemeji yake alimpitia akikohoa kikohozi kisichotoka kifuani. Kitu kimoja tu alikitamani duniani: chumba ambacho mtu akiingia anafunga kwa ndani.

Basi alikunywa chai, akaongeza, akaongeza tena, hadi ukumbi ukaanza kujaa. Walikuwa wakubwa wa mashirika ya misaada, waliokuja kwa sababu ya mafuriko. Kila shirika lina rangi yake: Bluu, Kijani, Njano na Nyekundu. Walikaa mbalimbali kama wake wenza msibani. Mbele yao, ubavuni mwa ramani kubwa iliyochomwa pini, alisimama Mama Mratibu, mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi, sauti ya mtu aliyesema neno hilohilo mpaka neno lenyewe limechoka.

"Narudia," akasema. "Anayetaja eneo, eneo ni lake. Vitu vyote vya eneo hilo vitapita mkononi mwake, na wengine wote wataondoa mguu. Tusirundikane mahali pamoja, na kwingine watu wananyeshewa. Haya. Machimboni nani anachukua?"

Machimboni ni kule juu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, walikokimbilia watu wa bondeni maji yalipoingia ndani. Walikuwa wanalala chini ya vipande vya mabati na mifuko ya saruji. Barabara yake ni matope matupu, na simu haishiki, maana yake ukipiga picha huwezi kuituma. Wakubwa wote wakainamia simu zao kama watu walio katika sala.

"Kuna watoto wachanga kule," akasema Mama Mratibu. "Na mawingu mnayaona wenyewe. Mvua ikishuka kabla hawajaezekewa, tutazika."

Sabuni hakuyaona mawingu. Alikuwa amekwama kwenye yale maneno, vitu vyote vitapita mkononi mwake. Mkono wenyewe, bila hata kumshauri mwenye mkono, ukapanda juu.

"Shirika gani, kaka?"

"Bega kwa Bega," akasema Sabuni, na yeye mwenyewe akalipenda.

"Hatujawahi kulisikia," akasema Mkuu wa Bluu. "Mna nini nyinyi?"

"Nyinyi mna nini?"

"Maturubai."

"Yako wapi?"

"Ghalani."

"Basi sisi tuna watu wa kuyatoa ghalani."

Wakubwa wakaguna kwa heshima. Walikuwa na magari, mahema, blanketi na vipaza sauti. Watu ndio ambao hawakuwahi kuwa nao. Mama Mratibu alimtazama Sabuni juu ya miwani, akamtazama tena kupitia miwani, kisha akachoma pini kwenye ramani.

"Machimboni ni kwako, baba. Mungu akutie nguvu."

Sabuni akaitikia amina kwa sauti, kwa kuwa ibada haijawahi kumshinda mtu mwenye biashara.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja sokoni, kwa mfanyabiashara mmoja mnene anayeitwa Jumla, kwa kuwa hajawahi kumuuzia mtu kitu kimoja. Jumla alijua kwamba mvua ikianza, turubai moja litagombaniwa na mtaa mzima.

"Niletee lori zima," akasema Jumla, "na mimi nakupa kile chumba cha nyuma ya duka. Ufunguo mkononi. Ukae mpaka uchoke."

"Mlango unafungwa kwa ndani?"

"Una makomeo mawili."

Sabuni alikaribia kulia. Tusimlaumu haraka. Wangapi miongoni mwetu tumepata chetu kwa kutoa cha mwenzetu, na jioni tukalala vizuri tu? Tofauti ni kwamba sisi hatuna kizibao, kwa hiyo hatusemwi.

Kazi ikaanza. Bluu walikuwa na maturubai lakini hawakutaka yatandikwe juu ya nguzo za Kijani. Kijani walikuwa na nguzo lakini waliapa hazitasimama chini ya nembo ya Bluu. Kwa sababu hiyo maturubai yalikuwa yamelala ghala moja, nguzo ghala la pili, na watu wamelala nje.

"Mkuu," Sabuni akamwambia Bluu, "picha za siku hizi zinapigwa kutoka juu, na kale kandege kadogo kenye kamera. Kutoka juu nguzo inaonekana?"

Bluu akafikiri. "Haionekani."

"Inaonekana nembo yako peke yake, imejaa mlima mzima."

Akaenda kwa Kijani. "Mama, picha ya juu siku hizi nani anaitaka? Watu wanataka sura. Mama kambeba mtoto, kaegemea nguzo. Nguzo ya nani?"

"Yetu," akasema Mkuu wa Kijani, na macho yakamlegea.

Njano wenye blanketi, Sabuni aliwaambia kwamba nguo nyingine mtu huivua, lakini blanketi hulala nalo, kwa hiyo nembo yao ingekumbatiwa usiku kucha. Wakatoa yote waliyokuwa nayo, wakaongeza na lori. Nyekundu peke yao hawakutoa kitu. Wao walikuwa na kamba, na walikuwa bado wanajadili rangi ya kamba.

"Msiharakishe," Sabuni akawaambia kwa upole. Jumla hakuhitaji kamba.

Siku ya siku, lori likapakiwa mpaka juu. Sabuni akapanda mbele, akajiegemeza kama waziri, akamwambia dereva, "Tupitie sokoni kwanza, kaka. Ghala la Jumla. Tunapunguza mzigo kidogo, barabara ni mbaya."

"Tunapunguza mzigo wa nani?" akauliza dereva.

"Wa Machimboni. Na mwenye eneo ni mimi."

"Hilo halina ubishi. Ila waulize kwanza na wao."

"Wao nani?"

Dereva akaelekeza kidole gumba nyuma. Sabuni akachungulia kwenye kidirisha. Juu ya blanketi, juu ya maturubai, juu ya nguzo, walikaa akina mama wa Machimboni, wengine na watoto migongoni, wamejipanga kama watu waliokata tiketi. Mbele yao alikaa bibi kizee mwenye fimbo. Mama Mratibu alikuwa amewapelekea habari asubuhi: mwenye eneo lenu amepatikana, shukeni mkampokee ghalani, asije akapotea njia.

Bibi akagonga kidirisha kwa fimbo. "Wewe ndiye Bega kwa Bega?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona bega lenyewe jembamba hivyo?"

Lori zima likacheka. Dereva hakugeuza usukani kwenda sokoni wala hakuomba ruhusa ya kutokwenda.

Chini ya mlima magurudumu yakazama. Kutoka hapo, kila kitu kilipaswa kupanda kwa mabega ya watu.

"Tumesikia una watu wa kubeba," akasema Bibi.

"Wapo, bibi. Wako njiani."

"Basi tangulia wewe. Watakukuta."

Sabuni, aliyewahi kuwaponyoka polisi na hakimu, akainama mbele ya bibi yule. Akabeba turubai. Akashuka, akabeba nguzo. Akina mama walimpita wakipanda, walimpita wakishuka, na mmoja akamwambia, "Kaza, Bega, tutakununulia jingine." Alipofika juu kwa mara ambayo hata hakutaka kujua ni ya ngapi, kizibao kilikuwa na matope katika kila mfuko.

Nguzo zikasimama. Maturubai yakatandazwa. Ndipo upepo ulipokuja, na wote wakagundua pamoja kwamba turubai lisilo na kamba ni bendera tu. Likainuka, likapiga, likataka kwenda zake. Chini yake, juu ya mkeka uliolowa, palikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa palepale machimboni.

"Shika ncha hii," akasema Bibi.

Sabuni akashika. "Nishike mpaka lini?"

"Mpaka Mungu alete kamba."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa makubwa. Katika matone hayo Jumla akatokea, anapanda mlima anahema. Alikuwa amengoja sokoni mpaka akachoka, akaifuata habari kwa gari lake dogo la mizigo. Alifika karibu na Sabuni, akainama sikioni.

"Unanichezea, Sabuni?"

"Nimekwama, bosi. Si unaona?"

"Nusu ya mzigo bado imo kwenye lori kule chini. Nipe nusu hiyo, mimi sina kinyongo." Akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza mbele ya pua ya Sabuni. "Nimekuja tayari. Hata kamba za kufungia mzigo ninazo garini, marobota mapya."

Sabuni akautazama ufunguo. Aliona mlango. Aliona makomeo mawili, la juu na la chini, na yeye ndani, na shemeji yake nje anakohoa peke yake. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, na kuachia ncha. Akafungua mdomo kusema ndiyo. Upepo ukavuta, mtoto akapiga chafya, na vidole vya Sabuni, ambavyo toka ujana wake havijawahi kushika kitu kwa ajili ya mwenye kitu, vikakataa kuachia. Akavilaani kimoyomoyo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, ile tamu ya kazini, inapaa.

"Akina mama, mfadhili amefika. Mpokeeni. Ametuletea kamba."

Jumla akageuka na kukuta mikono imeshanyooshwa. Wengi wao walikuwa wateja wake.

"Mimi nilikuja kwa..." akaanza.

"Kwa miguu yako mwenyewe, kwenye matope haya," akasema Bibi. "Wengine wanatuma watu. Mungu akuzidishie, baba. Ziko garini?"

"Zipo, lakini..."

"Ana aibu ya kusifiwa," Sabuni akaeleza. "Ndivyo walivyo watu wa kutoa."

Kamba zilikuwa zimeshafika juu kabla Jumla hajapata neno la kufuata ile lakini yake. Zikakatwa, zikafungwa, turubai likatulia, na mvua ikashuka kwa hasira ya aliyefika akakuta mlango umefungwa. Ndani hakikudondoka kitu. Jumla alipigiwa makofi, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, akaurudisha ufunguo mfukoni.

"Chumba hicho utakiota," akamnong'oneza Sabuni, akateremka zake.

Sabuni akaketi juu ya jiwe chini ya turubai. Katika maisha yake hii ilikuwa mara ya kwanza kumlaghai mtu na yeye mwenyewe asipate hata vumbi lake. Mama Mratibu, aliyekuwa amepanda mlima nyuma yao na sasa amesimama pembeni na viatu vya mvua, akaja akakaa karibu naye.

"Kazi nzuri, Bega kwa Bega."

Sabuni akamtazama usoni. "Ulijua?"

"Toka siku ya kwanza."

"Kizibao kilinisaliti?"

"Kizibao hakina neno. Ila ulikuja saa tuliyotangaza. Mtu wa shirika haji saa hiyo. Halafu ukachukua Machimboni bila kuuliza mafuta ya gari nani analipa. Nikasema, huyu si mwenzetu."

"Mbona hukunifukuza?"

"Mwanangu, nilikaa na watu wa kweli, wenye vyeti, nikawabembeleza mpaka sauti ikaniisha, na turubai hata moja halikutoka ghalani. Nikamwomba Mungu aniletee mtu. Hakuniambia atakuwa mtu wa namna gani." Akafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo nikawaambia akina mama wakungoje juu ya lori. Mambo mengine Mungu huyaacha tuyafunge wenyewe."

Sabuni akacheka bila kutaka. Alikuwa ametapeliwa na mama mwenye miwani ya uzi, mchana kweupe, kwa msaada wa sala, na hakuwa na pa kwenda kushtaki.

Giza lilikuwa linaanza kuingia, njia ya kushuka imegeuka mto. Lori lilikuwa limeshapakuliwa lote na kunasuliwa, na dereva ameshaondoka nalo. Ikawa wazi kwamba mwenye eneo atalala eneoni. Bibi akamwonyesha nafasi kando ya nguzo.

"Unakoroma?"

"Kidogo, bibi."

"Lala upande wa upepo, uufukuze."

Sabuni akajikunja. Miguu ilikuwa imelowa, na baridi ya mlimani ilianza kumpanda kutoka vidoleni.

"Bibi," akaita taratibu. "Blanketi hamkubakiza?"

"Yamekwisha," akasema Bibi, akijivutia lake mpaka kidevuni. "Kalalamike kwa mwenye eneo."