Kwa Nini Waiyego Anauliza Saa?

Jumatatu, 7 Juni 2021
Nimeitwa interview! Karani, duka la mbegu, Eldoret mjini. Alhamisi saa nne asubuhi, kwa video. Nikikosa, Mama ananipeleka Kapseret kwa mjomba kukamua ng'ombe. Naogopa watu. Ng'ombe naogopa zaidi.

Waiyego wa jirani ameniuliza ni siku gani, saa ngapi. Kwa nini saa? Mtu mwema anakutakia heri, anaenda zake. Nimemwambia Ijumaa, saa nne. Mungu anisamehe.

Jumanne, 8 Juni
Nimetundika shuka nyeupe kufunika kalenda tatu na picha ya marehemu babu. Sebule inakaa ofisi kabisa! Waiyego amechungulia dirishani, akasema naonekana kama niko mochari, eti nihamie upande wa sebule unaopakana na kwao, kuna mwangaza. Aha! Ukuta wa huko ni mbao tupu. Na tangu ghasia za uchaguzi za 2008, familia yao ilipojificha stoo yetu siku tisa, anajua kila ufa wa nyumba hii. Mama anasema huyo ni dada yangu. Ndiyo maana namchunga.

Alhamisi, 10 Juni
Aibu.
Madam Vivian alitokea kwenye simu, nadhifu, akauliza jina langu. Papo hapo posho mill ya Mzee Wanyoike, babake Waiyego, ikaanza kunguruma. Inasaga kila siku saa nne. Nimeizoea hadi siisikii. Madam aliisikia. Ikabidi nipige kelele, mimi ambaye hata amina naisema moyoni. Akauliza sifa yangu kuu. Nikapayuka: MIMI NI MTULIVU!
Mtetemo ukaangusha shuka. Babu akatokea. Madam akashukuru, akapotea.

Ijumaa, 11 Juni
Saa nne, kimya. Akina mama wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi, wanateta. Mzee Wanyoike amemweleza Mama: Waiyego alimsihi tangu Jumatatu azime mashine leo saa nzima, ili mimi, Chepkoech, nifanye interview vizuri.
Nimekaa kitandani, nikawaza sana. Kwa nini alitaka kimya?
Ili asikie majibu yangu kupitia zile mbao!

Jumamosi, 12 Juni
Meseji imekuja. Wamemchukua mwingine. Kapseret, basi.
Waiyego amekuja na machozi (nayatilia shaka). Ameuliza naondoka lini, anibebee sanduku hadi stage ya matatu. Siku tena! Nimemwambia Jumanne.
Naondoka Jumatatu. Nimejaribu kuliinua sanduku. Limekataa.