Kichupa Nyuma ya Darubini

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa bila sukari. Mke wangu ameifungia kabatini, chini ya mashuka, ufunguo kauvaa shingoni. Eti naamka mara nne usiku kwenda chooni, na marehemu baba yangu alianza hivyo hivyo. Anataka karatasi ya maabara yenye mhuri. Majibu yakiwa mazuri, atafungua. Miaka kumi na miwili nafanya kazi maabara, leo nitishwe na karatasi!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Damu ya kupima sukari huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijivu. Ndani mna dawa ya kuzuia chembe za damu zisiile sukari. Chenye kifuniko chekundu hakina dawa hiyo. Ukikiacha mezani, chembe zinajilia tu na sukari inashuka. Nikajitoa damu mwenyewe, nikajichoma mara tatu. Nikaijaza kwenye chekundu, nikakificha nyuma ya darubini. Saa nne zingetosha. Nikakiacha mpaka kesho, kwa uhakika zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Msimamizi ndiye aliyeshika mashine. Huyu dada nilimfundisha kazi mwenyewe, akanipita cheo, na bado ananiita kaka. Majibu: moja nukta mbili, chini mno. Akasema mwenye sukari hiyo hasimami, huzimia. Mimi nimesimama, natafuna karanga. Ningejieleza vipi bila kujikaanga kwa mafuta yangu? Nikazimia.

Daktari akaagiza ninyweshwe maji ya sukari, vijiko sita. Tamu ajabu. Nikaomba bilauri ya pili nikiwa bado nimezimia. Hapo msimamizi akaenda kukitazama kile kichupa.

Akarudi na viwili, cha kijivu na cha zambarau. Nikadai cha kijivu hakina maana, nimeshanyweshwa sukari. Akasema ndiyo maana kaleta cha zambarau: hicho kinaonyesha sukari ya miezi mitatu, bilauri moja haikidanganyi. Akanichoma mara moja tu. Maringo hayo.

Ijumaa, 7 Machi
Zambarau imenianika. Nina kisukari. Nilitegemea mke wangu atagomba. Akaisoma karatasi mara mbili, akakaa kitandani, akasema hataki kulea watoto watatu peke yake kwa sababu ya chai. Iliniuma. Nikameza vidonge mbele yake bila kubisha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetubu. Ila baada ya miezi mitatu napimwa tena, na mke wangu atataka kuona imeshuka. Mdogo wake ndiye bawabu wetu hapa kazini. Mwembamba kama ufagio, chai anakunywa bila sukari. Damu yake itafaa sana kwenye kichupa changu cha zambarau. Tatizo shemeji ni mbishi, lazima nimlainishe polepole. Nimeficha pakiti ya sukari nyuma ya darubini. Leo nimempikia chai ya vijiko vitano, akaipenda. Nitampikia kila siku, miezi yote mitatu, mpaka akubali. Nami nanywa kikombe, asijione mpweke.