Hati ya Kushika Penseli

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Utayari wa Awali inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto wa chekechea atakayeshika penseli ovyo ovyo. Umma ulishangilia kimya kimya, kama kawaida yake.

Kanuni niliziandika mimi, Afisa Tathmini Daraja la Pili. Mkurugenzi alizigonga muhuri bila kuzisoma, ishara ya imani kubwa aliyo nayo kwangu. Ni kanuni rahisi. Mtoto asiyejua kuandika hataruhusiwa kushika penseli mpaka awe na Hati ya Kushika Penseli. Hati hupatikana kwa kujaza fomu ya kurasa mbili, ambayo huja na penseli ya muda. Fomu inajazwa na mtoto mwenyewe, kwa mkono wake, bila kusaidiwa na mtu, maana idara yetu haitaki udanganyifu.

Kwa miezi minane hatukupokea fomu hata moja. Yalikuwa mafanikio makubwa. Mkurugenzi akatunukiwa nishani, nami nikapewa kiti kinachozunguka.

Ndipo zikaja fomu ishirini na mbili kwa mkupuo, kutoka chekechea iliyo nyuma ya gereji, ya mwalimu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vizibo. Zote zimejazwa. Majina yamekaa kwenye mstari, umri umeandikwa kwa tarakimu, na ile tano, ambayo hata mimi kitumbo chake hunisumbua, imesimama vizuri kabisa. Karani wa mapokezi, ambaye hana tabia ya kusoma anachokigonga, akazigonga zote "Imekubaliwa".

Niliumia sana moyoni. Nikaenda huko siku hiyo hiyo.

Nilikuta watoto wamekaa chini, kila mmoja na sinia la bati lenye mchanga, wakiandika kwa kidole na kufuta kwa kiganja. Katikati palikuwa na kopo la vizibo vya soda.

"Mwalimu, hawa wamejuaje kuandika?"

"Nimewafundisha."

"Kabla ya hati?"

"Kwa kidole, afisa. Kanuni yenu inasema penseli. Kidole wamekuja nacho kutoka kwao."

Hakuna kinachomkera mtumishi wa umma kama mtu aliyesoma kanuni. Nikaandika taarifa: fomu zilizojazwa kwa usahihi ni ushahidi kwamba watoto walifundishwa kabla ya kuruhusiwa. Adhabu yake ni kufungwa kwa chekechea.

"Nikifunga, hawa watashinda gerejini, chini ya magari," alisema Mama Vizibo. "Mama zao wako kazini mpaka jioni. Mnataka niwapeleke wapi?"

Nikaliandika na hilo, chini ya kichwa "Mengineyo".

Jumatatu Mkurugenzi alikuja mwenyewe, na mpiga picha. Amri ya kufunga husainiwa darasani humo humo, mbele ya watoto, ili wajifunze uwajibikaji. Wazo hilo pia lilikuwa langu. Akaketi kwenye kiti kidogo, magoti yakamfika kidevuni, akachomoa kalamu yake ya dhahabu.

Mkono mmoja ukanyooka kutoka kwa watoto. Alikuwa msichana wa miaka sita asiye na meno ya mbele, wenzake wanamwita Kibogoyo. Ndiye mwenye hati namba moja.

"Babu, hati yako iko wapi?"

"Hati gani tena, mjukuu wangu?"

Mama Vizibo akafungua kanuni, akasoma polepole: "Fungu la nne. Mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, hatashika penseli, kalamu wala chaki ndani ya chekechea bila hati."

Nilishindwa kujizuia, nikapiga makofi. Fungu hilo lilinichukua wiki tatu.

Mkurugenzi alinitazama kwa jicho ambalo bado nalifikiria. Lakini kamera ilikuwa imeshawashwa. "Leteni hiyo fomu," akasema, "tumalize."

"Mtu mzima hujaza fomu mbele ya msimamizi, na msimamizi sharti awe mwenye hati, mheshimiwa," nikamkumbusha kwa heshima zote. Nchi nzima wenye hati walikuwa ishirini na wawili, na wote walikuwa wamekaa mbele yake.

Kibogoyo akaburuta kiti, akaketi karibu naye. Mkurugenzi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuandika chochote zaidi ya saini, alikamata penseli ya muda kwa ngumi kama anayetwanga. Kibogoyo akamfungua vidole, kimoja kimoja, akavipanga upya. Kisha, kwa ajili ya ukurasa wa pili, ule wa kuhesabu, akamwaga vizibo mezani.

"Viko vingapi?"

Mkurugenzi aliviangalia kwa mbali. "Takriban hamsini. Ni ongezeko la kuridhisha."

"Hujavigusa! Vinaguswa, babu."

Akavigusa. Kumi na tatu aliiruka, kimoja akakigusa mara tatu, jasho likamtoka. "Basi tukubaliane ishirini," akasema.

"Kumi na saba!" darasa zima likajibu.

Kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi, Kibogoyo akaandika kwa herufi kubwa: BADO. Halafu akamshika bega. "Usilie. Hata mimi sita yangu ilikuwa inalala. Kesho uje na mzazi."

Amri ikarudi ofisini bila saini. Chekechea haikufungwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi gari jeusi la idara lilisimama mbele ya gereji. Alitangulia kushuka bibi mmoja mkongwe, mkoba begani, akimvuta Mkurugenzi kwa mkono wa koti.

"Mwalimu, ndiye huyu," alisema. "Tangu utotoni yuko hivi hivi, kazi yake kukisia. Nikadhani ukubwani ataacha."

Akamnyoosha tai, akamkung'uta mabega, akachungulia ndani kuona kama kuna nafasi karibu na dirisha.

"Haya," akasema. "Nije kumchukua saa ngapi?"